Mwanao akitaka kuwa konda, utacheka au utamuuliza?

*Utani wa wazazi kuhusu ndoto za watoto ni mtamu, na nyumba nyingi zinaishi nao kila siku. Lakini mtoto huusikia kama uamuzi uliokwisha kutolewa.*

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, kwenye uwanja wa shule moja ya awali huko Tabata, Dar es Salaam. Turubai limefungwa, spika zinanguruma, wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Watoto wa miaka mitano na sita wamepangwa mstari mmoja, majoho yanaburuza vumbi, kofia zimeteremka hadi kwenye nyusi.

Mshereheshaji anapita na kipaza sauti. "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Daktari. Makofi. Rubani. Makofi na vigelegele. Mwanajeshi. Mwalimu. Daktari tena. Halafu kipaza sauti kikamfikia mvulana mmoja mwembamba. Akakishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Konda!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mshereheshaji akaona hapo pana utamu. "Konda wa gari la wapi?" "La Mbagala." Watu wakashika mbavu. Ndipo baba yake akasimama, akainua mikono juu, akapaza sauti: "Walimu, naomba mnirudishie ada yangu!"

Mtoto alicheka mwanzoni, maana kila mtu alikuwa anacheka. Kisha akamtazama baba yake, akawatazama watu, akakivuta tena kipaza sauti. "Basi daktari." Makofi yakapigwa, mstari ukaendelea.

Makala haya yanahusu nusu dakika ile.

Rubani anayetapika kabla ya Chalinze

Ukitaka kicheko cha bure, kaa na wazazi waanze kusimulia ndoto za watoto wao. Yupo anayetaka kuwa rubani, na basi la Morogoro halijafika Chalinze ameshatapika mara mbili. "Abiria wa huyu wafunge mikanda au washike mifuko?" mama yake huuliza. Yupo anayetaka kuwa daktari, na siku ya chanjo alitolewa uvunguni kwa kuvutwa miguu. Yupo mpishi mkuu wa hoteli ya nyota tano ambaye sahani aliyolia huiacha pale pale alipokaa. Na yupo anayetaka kuwa mwanasheria. Huyo wazazi hawana shaka naye kabisa: kwa ubishi alio nao, shahada amezaliwa nayo, limebaki joho tu.

Napenda sana maneno haya na nisingependa yatoweke majumbani mwetu. Ukiyasikiliza vizuri, yanaonyesha mzazi anayemjua mwanawe. Huwezi kumtania mtoto kwa umakini huo kama hujamtazama akila, akisafiri, akiugua na akigombana na wenzake. Mzazi asiyejali hana cha kutania, kwa sababu hajaona kitu.

Kwa hiyo tatizo si kicheko chenyewe. Tatizo ni namna kinavyogawanywa. Pale Tabata, aliyetaja urubani alichekewa kwa furaha na kupigiwa makofi, ingawa kati ya watoto wote wa mstari ule huenda asipatikane rubani hata mmoja. Aliyetaja ukonda, kazi ambayo nusu ya waliokuwa chini ya turubai lile walikuwa wamehudumiwa nayo kwenye daladala asubuhi hiyo, alichekwa mpaka akabadili kauli. Watoto wote wa mstari ule walisikia tofauti hiyo, wakajua kazi ipi hutajwa mbele za watu na ipi humezwa.

> *Mzazi asiyejali hana cha kutania, kwa sababu hajaona kitu.*

Konda machoni pa mtoto wa miaka sita

Tuache kidogo macho yetu ya watu wazima, tumtazame konda kama mtoto anavyomwona akiwa amepakatwa na mama yake kiti cha tatu.

Ni mtu anayesimama mlangoni wakati wengine wote wamekaa. Noti amezikunja kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, za elfu mbili mbele, za elfu kumi nyuma. Kiganjani anachezesha sarafu, na mlio ule peke yake unatosha kumfanya mtu mzima mwenye tai aingize mkono mfukoni. Anagonga bodi, gari zima linasimama. Anagonga tena, linaondoka. Anajua nani ameshalipa na nani anajifanya amesinzia. Anakumbuka chenji ya mama wa kiti cha nyuma na kituo cha mwanafunzi aliyesimama. Dereva yeye humwita suka, na suka anamsikiliza.

Mwulize mtoto kwa nini anataka kuwa konda, atakwambia: "Kwa sababu akigonga, gari linasimama." Ni jibu lenye akili.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Linda Gottfredson, aliandika nadharia ambayo bado inasomwa na washauri wa masuala ya kazi. Alieleza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano huzipima kazi kwa ukubwa na nguvu. Kati ya miaka sita na minane huanza kuzigawa: hii ya wanaume, ile ya wanawake. Kuanzia miaka tisa hivi hutambua heshima, yaani kazi ipi watu wanaipa hadhi na ipi wanaidharau. Baada ya hapo, akielekea miaka kumi na minne, ndipo hujitazama yeye mwenyewe na kuuliza anapenda nini na anaweza nini.

Jambo la kuhuzunisha katika maelezo ya Gottfredson ni kwamba mtoto huzifuta kazi moja baada ya nyingine, na kwa kawaida harudi nyuma kuzitazama tena. Anapofikia umri wa kujiuliza anapenda nini, orodha imeshakuwa fupi. Sehemu kubwa ya ufutaji huo haifanywi darasani. Hufanyika mezani, garini, msibani, na kwenye mahafali ya chekechea.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa ripoti mwaka 2020 kuhusu kazi ambazo vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi wanatarajia kufanya. Wavulana 47 katika kila 100, na wasichana 53 katika kila 100, walitaja kazi zilizo ndani ya orodha ya kumi tu. Tanzania haikuwamo katika utafiti ule, lakini yeyote aliyehudhuria mahafali ya kwetu anajua kwamba orodha yetu haifiki hata kumi.

Utani una sheria zake

Sisi si wageni katika utani. Wachaga na Wapare wanataniana mpaka leo, hata makaburini. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, bibi humwambia mjukuu wa kiume kwamba mume gani huyu asiyeleta hata sukari. Haya tumekulia ndani yake.

Lakini utani wetu una sheria, na iliyo kubwa ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mpare akimwambia Mchaga neno, Mchaga analo lake la kurudisha, na hakuna wa kununa. Mjukuu akimwambia babu kwamba mume asiye na meno hamtaki, baraza zima linafurahi na babu anafurahi zaidi. Pande zote mbili zimesimama sawa kwa muda ule.

Baba na mwana hawasimami hivyo. Baba akisema "rudisheni ada yangu", mtoto hana jibu linaloruhusiwa. Akithubutu kusema "na wewe baba mbona hesabu ulifeli", kicheko kinakatika na yeye anaitwa mtovu wa adabu. Neno linalotoka upande mmoja tu, kwa mtu anayelipa ada, anayenunua viatu na kuamua shule, mtoto hawezi kulipokea kama utani. Kwake hiyo ni hukumu iliyovaa nguo za sherehe.

Zamani kazi ya kumtania mtoto kuhusu ukubwani kwake ilikuwa ya babu na bibi, na ilikaa vizuri mikononi mwao. Babu alikuwa na muda wa kusikiliza jibu, na hakuwa na mamlaka ya kumpeleka mtoto kozi asiyoitaka. Siku hizi babu yuko Kondoa au Njombe, anapatikana Jumapili kwenye simu, mtandao ukikubali. Utani umehamia kwa baba na mama, nao wanaufanya huku wameshika kalamu ya kujazia fomu.

> *Neno linalotoka upande mmoja tu, kwa mtu anayelipa ada, mtoto hawezi kulipokea kama utani.*

Hofu yenye hesabu

Wazazi nao wana hoja, na ni nzito. Nyuma ya kicheko cha mzazi kuna mikopo ya vikoba, kuna shamba lililouzwa, kuna mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi ili ada ya muhula ifike. Mtu wa namna hiyo akisikia "konda" au "mwanamuziki", kicheko chake hutangulia kilio.

Chukua mpira, ndoto ya wavulana wengi nchini. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Hata kila timu ikisajili wachezaji 30, jumla yao ni 480, na sehemu ya nafasi hizo inachukuliwa na wachezaji wa kigeni. Wakifika miaka 35 wengi wao wameshastaafu. Baba anayeuliza "na goti likivunjika?" hana roho mbaya. Anauliza swali ambalo hata klabu zenyewe hujiuliza.

Historia nayo inamuunga mkono. Kizazi cha babu kilisoma katika nchi ambayo aliyefika chuo kikuu alipangiwa kazi serikalini. Njia ilikuwa moja na ilijulikana: soma, faulu, vaa shati jeupe, jenga. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliifuta ahadi hiyo, lakini hayakuifuta vichwani mwa watu. Bado tunawaelekeza watoto kwenye njia ile kana kwamba mwisho wake pana ofisi inayowasubiri.

Na hapo ndipo hesabu ya mzazi inapogeuka. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi za kazi 1,596. Maombi yaliyofika yalizidi 135,000. Ni zaidi ya watu 84 kwa kila kiti kimoja, na wengi wao ni watoto waliopigiwa makofi walipotaja kazi za heshima. Sisemi kwamba mpira una uhakika kuliko uhasibu. Ninasema ile njia tunayoiita salama imejaa watu hadi mlangoni, na mzazi anayecheka ndoto moja kwa sababu ya uhaba wa nafasi anapaswa kuihesabu nyingine kwa rula ile ile.

Upande wa pili kuna majina ambayo kila mtoto anayajua. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alipitia African Lyon, Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi, na Januari 2016 akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Miaka minne baadaye alisajiliwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 1, 2020 alifunga bao uwanjani Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Mtoto anamtaja Samatta, baba anajibu kwamba Samatta ni mmoja. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mazungumzo haya hayaishi.

Kwa wasichana kicheko huwa kikali zaidi, na huko ndiko nisikovumilia. Binti akisema anataka kucheza mpira, swali la kwanza si la goti wala la mshahara. Ni "nani atakuoa?" Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Ni kazi, ina mkataba, ina kodi, ina mshahara unaoingia benki. Swali la ndoa halimhusu mwajiri wake, na halikupaswa kuwa la kwanza kwa mtoto wa miaka minane.

Kutoka mezani mpaka kwenye fomu

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa, kwa sababu elimu yenyewe inabadilika.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamfundisha kijana kudharau kazi ya mikono na kuwaona wazazi wake wakulima kama watu wa chini. Zaidi ya nusu karne baadaye, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari: wa jumla na wa amali. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Katika mkondo wa amali mwanafunzi anasoma ufundi, kilimo, michezo au sanaa kama fani, na hafanyi mambo hayo kama burudani ya baada ya vipindi.

Mwaka huo huo wa 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na kufanya jumla kuwa 65, zikiwamo za michezo na za sanaa. Mzazi aliyezoea PCB, PCM, EGM na HGL anakutana na orodha ambayo hakuwahi kuiona.

Maana yake ni hii: kijana anayefika kidato cha kwanza, mwenye miaka 13 au 14, anaweza kukutana na chaguo ambalo baba yake alilipata akiwa na miaka 20, au hakulipata kabisa. Akifika kidato cha nne anajaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na vyuo, na kupanga machaguo yake. Kijana aliyeambiwa kwa miaka minane kwamba kazi anayoipenda ni kichekesho hataiandika pale. Ataandika kitu cha kumfurahisha mzee. Na fomu ikishapita, kubadilisha kuna gharama, kuna barua, kuna muda uliopotea.

Walimu hawawezi kulibeba hili peke yao. Mwalimu wa ushauri mwenye darasa la wanafunzi sabini hamjui mtoto kama anavyojulikana na yule anayemtania kuhusu kutapika Chalinze. Ujuzi uko kwa mzazi. Kinachokosekana ni kuutumia.

Baada ya kicheko, swali

Cheka, kisha uliza. Mtoto wa miaka sita muulize anapenda nini katika kazi hiyo, halafu mwache azungumze mpaka amalize. Aliyetaka kuwa konda kwa sababu ya kusimamisha gari anapenda kuongoza watu na vyombo, na kazi za namna hiyo ni nyingi: bandarini, reli ya SGR, mnara wa kuongozea ndege. Aliyeutaka ukonda kwa sababu ya zile noti anapenda hesabu za haraka. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo bila kuuliza, na yeye hawezi kujua bila kuulizwa.

Mwambie pia ukweli wa kazi yenyewe, kwa sababu kumheshimu mtoto si kumdanganya. Makonda wengi wa Dar hawana mkataba. Wengine ni deiwaka wa siku moja moja, na kabla ya kupata chochote lazima hesabu ya tajiri itimie. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka wahudumu wa mabasi wasajiliwe, jambo linaloonyesha kwamba hii ni kazi ya kupangiliwa kama nyingine. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, abiria wa Kimara hadi Kivukoni walianza kukata tiketi kituoni, na ndani hakukuwa na wa kugonga bodi. Mtoto akiyasikia hayo anaweza kubadili mawazo. Akibadili kwa sababu hiyo, amefikiri. Akibadili kwa sababu ya kuchekwa, amejificha.

Na yule anayetaka urubani naye aambiwe ukweli, maana makofi peke yake hayamsaidii. Leseni ya rubani wa biashara inataka uwe na umri usiopungua miaka 18, afya iliyopimwa na daktari wa anga, na kwa kawaida saa 200 za kuruka. Hesabu na fizikia haziepukiki, na gharama yake ni kubwa. Daktari asome miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anayetaka kutengeneza video za mtandaoni ajue kwamba kuna kanuni za maudhui mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Watoto hupenda taarifa za namna hii kuliko tunavyodhani. Huwafanya waone kwamba ndoto yao imechukuliwa kwa uzito na mtu mzima.

Nafasi nzuri ya kuanzia iko kwenye kalenda ya kila mwaka. Maonesho ya Sabasaba hufanyika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwa na banda lake, na vyuo na taasisi nyingi za Serikali huwa na mabanda pia, pamoja na watu wanaozifanya kazi hizo wakiwa tayari kujibu. Mpeleke mwanao siku isiyo na msongamano, kabla ya sikukuu ya tarehe 7 Julai. Usimchagulie banda. Mwache atangulie, aulize mwenyewe, na wewe usimame nyuma yake ukimshikia chupa ya maji.